Mwisho asilia wa 'Sholay' warejea. Kanda za Kwale nazo je?

Mnamo Desemba 12, 2025, filamu ya Kihindi 'Sholay' ilirudi katika majumba ya sinema nchini India, miaka 50 baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Agosti 15, 1975. Waliokwenda kuitazama waliona jambo ambalo watazamaji wa mwaka ule hawakuonyeshwa. Thakur Baldev Singh, afisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, hamwachii polisi adui yake. Anamuua mwenyewe.

Huo ndio mwisho ambao mwelekezi Ramesh Sippy aliupiga picha tangu awali. Uliondolewa kwa shinikizo la wadhibiti wa serikali, ukakaa nje ya majumba ya sinema ya India kwa nusu karne, na kurejea kwake kumezua swali ambalo si la Wahindi peke yao: kazi ya sanaa ikishabadilishwa, ni nani hubaki na ile ya kwanza?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni, Shimoni na Vanga. Sababu ya kwanza ni kwamba filamu za Kihindi zimewalea vizazi kadhaa vya watu wa pwani. Sababu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba kumbukumbu nyingi za wakazi wenyewe zimehifadhiwa katika kanda za video za aina ileile iliyobeba filamu hizo, na kanda hizo zinaharibika huku watu wakitazama.

Amri ya Hali ya Hatari

Ili kufahamu kilichoisibu 'Sholay', ni lazima kurudi India ya mwaka 1975. Juni 25 mwaka huo, serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilitangaza Hali ya Hatari. Magazeti yaliwekewa vikwazo, viongozi wa upinzani wakatiwa ndani, na bodi ya kudhibiti filamu ikawa na meno makali kuliko kawaida. 'Sholay' ilifikishwa mbele ya bodi hiyo wakati huohuo. Wakaguzi hawakukubali afisa wa zamani wa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Sippy alilazimika kupiga picha mwisho mwingine, ambamo polisi wanawasili dakika ya mwisho na kumsihi Thakur amwache jambazi ahukumiwe na mahakama.

Mabadiliko hayo hayakuizuia filamu kupendwa. Ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay. Hata hivyo, maana yake ilikuwa imegeuzwa. Hadithi iliyotungwa na Salim Khan na Javed Akhtar ilihusu mtu aliyekata tamaa na mkono wa dola hadi akawakodi wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamkamatie adui. Kuwaleta polisi mwishoni ili kuiokoa heshima ya dola kulikuwa ni kumwambia mtazamaji kinyume cha yale aliyoonyeshwa kwa zaidi ya saa tatu.

Mwisho wa kwanza, hata hivyo, haukupotea. Mwaka 1990 toleo ambalo halikukatwa lilitolewa nchini Uingereza katika kanda ya VHS. Baadaye liliingia katika diski za DVD, na kutoka huko mashabiki wakakipakia kipande hicho mitandaoni. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuiona 'Sholay' jinsi ilivyokusudiwa hakuwa na haja ya kwenda sinemani. Alitafuta kanda ya mtu, diski ya mtu au faili ya mtu.

Wakati huo wote, hali ya mikanda rasmi ilikuwa ya kusikitisha. Shirika la Film Heritage Foundation la India, lililoikarabati filamu hiyo kwa ushirikiano na kampuni ya Sippy Films, lilikuta mkanda wa awali uliotoka katika kamera umeharibika vibaya. Hapakuwa na nakala ya milimita 70 iliyosalia. Ilibidi kazi ifanywe kwa kutumia nakala za kati zilizopatikana London na Mumbai. Ukarabati ulichukua miaka mitatu, na toleo lililokamilika lilionyeshwa kwanza Juni 27, 2025 katika uwanja wa Piazza Maggiore mjini Bologna, Italia.

Ni haki kukiri kwamba picha safi inayoonekana leo haikutoka katika kanda ya shabiki. Ilitoka katika maghala ya filamu na mikononi mwa wataalamu wa maabara. Mchango wa mashabiki ulikuwa wa aina nyingine. Wao waliuweka mwisho ule katika kumbukumbu za watu kwa miaka 35, kiasi kwamba siku ya ukarabati ilipofika, kila mhusika alijua kuna kitu cha kurudishwa. Kitu ambacho hakuna anayekumbuka kuwa kilikuwapo hakitafutwi.

Kutoka feri ya Likoni hadi deki ya sebuleni

Pwani ya Kenya ilizipokea filamu za Kihindi kwa namna yake. Mombasa ilikuwa na majumba ya sinema kama Naaz, Regal na Majestic, na kwa mkazi wa Ukunda au Msambweni, kwenda sinema kulimaanisha kuvuka feri ya Likoni na kuhesabu saa za kurudi. Mvuto huo ulienea mwambao mzima. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema nchini Tanzania, ameeleza jinsi watazamaji wa Zanzibar na bara walivyozipenda filamu za Kihindi na kuzijadili kama mambo yao wenyewe, ingawa wengi hawakuifahamu lugha yake.

Aidha, filamu hizo ziliingia hadi katika muziki. Marehemu Juma Bhalo, gwiji wa taarab wa Mombasa aliyefariki Aprili 2014, alijipatia sifa pwani yote kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Wapo watu waliojua sauti ya wimbo kupitia kwa Bhalo kabla ya kuiona filamu iliyouzaa.

Kisha ikaja deki ya video. Katika miaka ya 1980 na 1990, sinema ilihama kutoka ukumbi wa mjini ikaingia sebuleni na katika vibanda vya video vya mitaani. Hapo ndipo suala la toleo lilipozidi kuwa gumu, kwani nyingi za kanda zilizokodishwa zilikuwa nakala ya nakala. Kila kanda ya sumaku inaponakiliwa, rangi hufifia na sauti hupungua. Nakala ya tatu au ya nne huonyesha sura za waigizaji kana kwamba wako nyuma ya chandarua. Kanda moja iliweza kuwa na mwisho wa mdhibiti, nyingine mwisho wa mwelekezi, na ya tatu ikakosa mwisho kabisa kwa sababu mkanda uliokuwa ukinakiliwa uliisha mapema. Watu wawili wa mtaa mmoja wangeweza kubishana usiku kucha juu ya jinsi Gabbar alivyoishia, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Baada ya hapo wakaja wasimulizi. Nchini Kenya, DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, akiongeza utani na maoni yake juu ya sauti za waigizaji. Nchini Tanzania, Lufufu alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kazi kama hiyo. Kwa vijana wengi waliokulia katika vibanda vya video, sauti ya msimulizi ndiyo filamu yenyewe, na ile isiyo na sauti hiyo huonekana kama chakula kisichotiwa chumvi.

Asili iliyofutwa Kampala

Mfano wa Uganda unaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufika mbali. Mwaka 2010, Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala alitengeneza filamu ya mapigano, 'Who Killed Captain Alex?', kwa gharama iliyosemekana kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Kionjo chake kiliwekwa katika YouTube kikasambaa duniani, na leo filamu hiyo ina mashabiki Marekani, Ulaya na kwingineko.

Toleo lake la kwanza, lisilo na sauti ya msimulizi, halipo tena. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutosha, na kazi iliyokwisha ilibidi ifutwe ili nyingine itengenezwe. Matatizo ya umeme nayo yalichangia uharibifu. Kilichosalia ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, anayewachekesha watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala iliyokusudiwa kuwa ya vibandani imegeuka kuwa asili pekee iliyopo duniani.

Kwa hiyo, 'Sholay' ilibadilishwa na mamlaka, na 'Captain Alex' ilibadilishwa na uhaba. Ipo njia ya tatu, nayo ni mwenye kazi kuibadilisha kwa hiari yake. Mfano unaojulikana zaidi ni wa 'Star Wars' ya George Lucas, iliyotoka mwaka 1977. Mwaka 1997 Lucas aliitoa upya ikiwa na viumbe na matukio yaliyoongezwa kwa kompyuta, na toleo hilo, likizidi kubadilishwa, ndilo lililoendelea kuuzwa. Kinaya ni kwamba mwaka 1988 Lucas huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga filamu za kale kubadilishwa kwa kutiwa rangi, akihofia kwamba vizazi vijavyo vingenyimwa kazi za asili.

Mashabiki hawakungoja ruhusa. Kundi moja lilitafuta mikanda ya milimita 35 ya mwaka 1977, likaipiga picha fremu kwa fremu na kuisafisha. Shabiki mwingine wa Jamhuri ya Cheki aliunganisha vipande kutoka vyanzo mbalimbali hadi akaijenga upya filamu ya awali. Juni 2025 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliionyesha London nakala ya filamu ya mwaka 1977, na miezi michache baadaye kampuni ya Lucasfilm ikatangaza kwamba toleo hilo la kwanza lingerudi sinemani mwaka 2027. Kama ilivyokuwa kwa 'Sholay', waliotunza bila idhini walitangulia, na wenye idhini wakafuata.

Kuitambua nakala ya kweli

Hali hii huenda ikamfanya msomaji adhani kwamba kila kinachopatikana mtandaoni kwa jina la 'toleo asilia' ni cha kuaminika. Sivyo. Wapakiaji wengi huandika neno hilo ili kuvuta watazamaji, na mtu anayetafuta filamu ya utotoni mwake ana mambo kadhaa ya kuzingatia.

La kwanza ni urefu, ingawa nao una mtego wake. 'Sholay' iliyodhibitiwa ilitolewa katika diski ya dakika 198, na isiyokatwa katika diski ya dakika 204. Lakini filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL uliotumika Kenya huenda kwa fremu 25. Filamu inapohamishwa katika kanda ya PAL kwa mtindo wa kawaida, hukimbia kwa asilimia nne zaidi, na dakika 204 zinakuwa kama 196 bila tukio lolote kukatwa. Kwa sababu hiyo, anayepima kwa saa peke yake anaweza kuitupa nakala kamili na kuikumbatia iliyokatwa. Kipimo bora ni kulijua tukio linalotofautisha matoleo na kulitafuta hilo.

La pili ni umbo la picha. Filamu pana iliyokatwa pembeni ili ienee katika kioo cha televisheni huwa imepoteza sehemu ya kile ambacho mpiga picha alikionyesha. La tatu ni janga jipya zaidi, yaani programu za akili unde zinazodaiwa kuing'arisha picha ya kale. Programu hizo hukisia kisichoonekana. Uso uliofifia hurudishwa ukiwa na ngozi laini na macho makali ambayo mwigizaji hakuwa nayo, na mtazamaji hushangilia ubora wa kitu kilichobuniwa jana. Kanda iliyochakaa husema ukweli juu ya kuchakaa kwake, lakini picha iliyobuniwa haimwambii mtazamaji lolote.

La nne ni usalama. Tovuti nyingi zinazoahidi filamu za bure humpa mgeni programu haribifu pamoja na filamu, na simu inayohifadhi pesa za M-Pesa si mahali pa kufanyia majaribio.

Sheria inasemaje

Suala la haki nalo haliwezi kukwepwa. Shabiki anayepakia filamu nzima bila idhini huku hakimiliki yake ingali hai anaingilia mali ya mtu, hata nia yake ikiwa njema. Wasanii wa Afrika Mashariki wanalijua vyema hili, kwani ni wengi ambao kazi zao ziliuzwa mitaani na watu wasiowahi kushika kamera.

Hata hivyo, sheria ina mafumbo yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya sauti na picha hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ambao ilitengenezwa, ilifikishwa kwa umma au ilichapishwa kwa mara ya kwanza, ikihesabiwa kutoka lile lililotokea mwisho. Kwa kipimo hicho, muda wa toleo la 'Sholay' la mwaka 1975 ulitimia humu nchini Desemba 31, 2025. Toleo lenye mwisho asilia, lililofikia umma katika kanda ya mwaka 1990, lina hesabu nyingine ya miaka mingi mbele. Nyimbo nazo zina hesabu yake, kwani muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na R.D. Burman aliyezitunga alifariki mwaka 1994. Nchini India kwenyewe, filamu hulindwa kwa miaka 60.

Matokeo yake ni kwamba toleo lililogeuzwa na wadhibiti linatangulia kuwa huru, huku lile alilolikusudia msanii likibaki limefungwa. Sheria ilitungwa ili kumlinda mwenye kazi dhidi ya mwizi. Haikutungwa kwa kumfikiria mtu anayeilinda kazi dhidi ya kusahaulika.

Kanda zilizo kabatini Kwale

Mjadala huu wote ungekuwa burudani ya wapenzi wa sinema lau usingegusa jambo la karibu zaidi. Deki na kamera ya video zilipofika pwani ya kusini, hazikuleta filamu za Kihindi tu. Wakazi walianza kujirekodi. Harusi, maulidi, mikutano ya siasa, mashindano ya kandanda, ngoma za Wadigo kama sengenya, na maonyesho ya vikundi katika mahoteli ya Diani yalinaswa katika kanda hizo. Kipindi hicho ndicho kilichoshuhudia ajali ya feri ya Mtongwe ya Aprili 29, 1994 iliyoua watu 272, na ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilizosambaa hadi sehemu za Kwale. Picha za video za enzi hiyo, ziwe za furaha au za msiba, zilinaswa katika kanda za sumaku.

Kanda hizo hazina nakala London wala Mumbai. Mara nyingi iliyopo ni moja tu, na iko kabatini. Wataalamu wa hifadhi hukadiria kwamba kanda ya sumaku huanza kupoteza picha kati ya miaka 10 na 30, kutegemea jinsi inavyotunzwa. Unyevu na chumvi ya hewa ya bahari huharakisha ukungu na kutu. Vyombo vya kuzichezea navyo vinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo kanda iliyorekodiwa Msambweni mwaka 1992 inakabiliwa na vifo viwili, chake yenyewe na cha deki.

Wapo vijana ambao wameanza kuhamisha kanda za zamani na kuzipakia mitandaoni, na bidii yao inastahili sifa. Lakini hapa pana tofauti kubwa kati ya 'Sholay' na kanda ya nyumbani. Filamu ilitengenezwa ili itazamwe na umma. Kanda ya harusi ya pwani aghalabu ina sehemu ya wanawake peke yao, waliocheza bila buibui kwa kuwa walijua wako miongoni mwa wenzao. Kuiweka kanda hiyo YouTube, hata kwa nia ya kuhifadhi utamaduni, ni kuwavunjia heshima mama na nyanya za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua kwamba picha ya mtu si mali ya yeyote aliyeiokota.

Vivyo hivyo kwa mambo ya kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo karibu na Diani, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikaziweka mila zinazoambatana nayo katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Baadhi ya mila hizo zina miiko juu ya nani aone nini. Kuzihifadhi na kuzitangaza ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anaweza kuharibu kile alichotaka kukiokoa.

Hapo ndipo taasisi zinapohitajika. Shabiki ana bidii lakini hana mamlaka ya kuamua kipi kifungwe na kipi kifunguliwe. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la majumba ya sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba, na makavazi. Ni ajabu kwamba mambo hayo yamewekwa pamoja katika orodha moja, lakini katika utendaji ni nadra kuonekana pamoja. Kibanda cha video hukumbukwa wakati wa kudaiwa leseni. Maktaba hukumbukwa wakati wa mitihani. Hakuna kinachozuia kaunti kuviunganisha.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Ni deki chache zinazofanya kazi, kifaa cha kugeuza mawimbi ya kanda kuwa faili, kompyuta, diski za kuhifadhia na vijana waliofunzwa. Kinachogharimu zaidi ni muda, kwa kuwa kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamishwa, na haina njia ya mkato. Mwenye kanda angeondoka na kanda yake na nakala ya dijitali, maktaba ikabaki na nakala ya pili kwa masharti aliyoyatia sahihi: hii ionyeshwe kwa wote, hii kwa jamaa, hii isifunguliwe hadi baada ya miaka kadhaa. Pembeni ya kila faili pangeandikwa ni nani waliopo, ni wapi, ni lini, na ni kipi kilichokatwa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi hiyo haiwezi kungoja mpango mkubwa wa kitaifa. Mpiga sengenya aliyekuwa na umri wa miaka 40 kanda ilipochukuliwa mwaka 1990 sasa amepita miaka 75. Akiulizwa leo, anaweza kuwataja wenzake waliomo katika picha, na kueleza kwa nini mpigo fulani ulifupishwa kwa ajili ya watalii na ule mrefu ukaachwa kijijini. Hilo nalo ni suala la toleo asilia, na hakuna programu ya akili unde inayoweza kulikisia.

Mashabiki wa 'Sholay' walikuwa na bahati. Ingawa mikono ya serikali iliingilia, mkanda wa awali ukaharibika na nakala za milimita 70 zikatoweka, kulikuwa na nakala nyingine mahali pengine, na watu waliojua cha kutafuta. Nabwana hakuwa na bahati hiyo, na filamu yake ya kwanza imebaki kusimuliwa tu. Familia zilizo na kanda kabatini Kwale, pamoja na kaunti inayowatoza ushuru, bado zina nafasi ya kuchagua mojawapo ya njia hizo mbili. Nafasi hiyo inapungua kila msimu wa mvua.